Kontua haichimbwi kwa macho

Kontua yangu ya kwanza, yaani mtaro na tuta la kukinga maji linalokata mteremko kwa usawa, niliichimba kwa macho, bila kipimo. Shamba lenyewe ni ekari mbili za mteremko hapa Kongwa, na nilijiona nalijua: si nimelilima miaka yote hiyo? Oktoba tukachimba, vijana watatu na mimi. Desemba ikashuka mvua kubwa ya kwanza. Maji yote yakakimbilia palipobonyea, tuta likapasuka, mkondo ukapita katikati ya alizeti za jirani wa chini. Kwenda kumwomba radhi kulikuwa kazi kuliko kuchimba.

Mvua ya milimita 30 kwenye ekari moja ni kama lita 120,000 za maji. Yakiteremka kwa mkupuo yanaondoka na udongo wa juu. Yakisimama kidogo, ardhi inakunywa.

Kwa hiyo tengeneza fremu ya A, kifaa cha kupimia usawa chenye umbo la herufi hiyo: fito mbili za mita mbili, nyingine fupi ya kuziunganisha, na kamba yenye jiwe ikining'inia toka kileleni. Isimamishe, weka alama kamba inapogusa ile fito ya kati. Igeuze, miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa. Tembea nayo ukichomeka vigingi kila kamba inapotulia hapo. Vyangu vilipinda kama nyoka nikadhani nimekosea tena, kumbe ndivyo mteremko ulivyo.

Anza juu kabisa ya shamba. Mawe ya kuziba korongo bondeni yatasombwa tu kama huko juu bado panamwaga. Udongo urushe upande wa juu wa mtaro, ndiyo maana tunaita fanya juu. Ndani ya mtaro acha vikuta vifupi kila baada ya hatua kadhaa, ili ukikosea kipimo maji yasijazane upande mmoja. Kwenye tuta panda nyasi za mabingobingo.

Visiki vya migunga usiving'oe. Chagua machipukizi mawili matatu yenye nguvu, pogoa mengine, funga kitambaa chekundu mchungaji aone. Mbuzi ndio vita yenyewe. Kule Kondoa serikali iliondoa mifugo mwaka 1979 kwenye eneo lililomomonyoka, na uoto ukarudi. Mimi sina ubavu huo. Nimepatana na wachungaji, mabua ni yao baada ya mavuno.

Jirani wa chini naye kaanza kupima. Fremu yangu iko kwake tangu Septemba.