Kuhamisha freimuweki toka Python 2 kwenda 3: shida yako ni baiti, si print

Mkuu umesema umekimbiza 2to3 (zana ya kubadilisha kodi ya Python 2 iwe ya 3) kwenye freimuweki yako ya wavuti nzima, ikawaka, ila fomu yoyote ikitumwa inakufa na eraa ya bytes. Hapo ndo penyewe. 2to3 inabadilisha sintaksi, print na except na vitu kama hivyo, haijui kabisa wapi data ni maandishi na wapi ni baiti ghafi, na kwenye wavuti hiyo ndo kazi yenyewe maana kila kinachoingia toka kwenye soketi ni baiti.

Rudisha kodi ilivyokuwa, acha kubandika viraka. Hakikisha testi zinapita kwenye 2.7, kama hazitoshi andika nyingine (inachosha, najua) halafu badilisha moduli moja moja. Dikodi (geuza baiti ziwe maandishi) mara moja data inapoingia, enkodi (rudisha maandishi yawe baiti) mara moja inapotoka, katikati pote iwe str, yaani maandishi. Na PEP 3333, waraka wa kanuni za WSGI (njia ya seva ya wavuti na programu ya Python kuongea), isome kwa utulivu, kwenye WSGI hedi ni str lakini herufi zake haziruhusiwi kuvuka Latin-1 (seti ndogo ya herufi 256), bodi ya jibu lazima iwe baiti, ukichanganya hapo utakesha.

Kuhusu six, laibrari ya kuandika kodi moja inayokimbia kwenye Python 2 na 3, Django (freimuweki maarufu ya wavuti) waliitumia kubeba Python zote mbili kuanzia 1.5 ya 2013, wakaitupa Python 2 kwenye 2.0 Desemba 2017. Wewe usijisumbue na six, Python 2 ilifungwa rasmi 1 Januari 2020, hama moja kwa moja.

Ah, kwenye Python 3, 5/2 inatoa 2.5, si 2 kama kwenye Python 2, na 2to3 haikugusii hiyo, cheki hesabu za kugawa kurasa.