Kura ya majaji wa jinai hapa Houston: waulize watakavyofanya kazi

Mdogo wangu, umesema kwamba umeapa uraia mwaka huu, umeiona karatasi ya kura ya Harris County, kaunti yetu hapa Texas, ilivyo ndefu, na wagombea wawili wa mahakama za jinai uliowasikia ukumbini walisema maneno yaleyale: haki kwa wote, na nafasi kwa mkosaji kujirekebisha. Ukauliza utawatofautishaje. Nitakujibu kwa niliyoyaona katika miaka kumi na moja ya ukalimani wa Kiswahili mahakamani, kazi inayonikalisha kati ya mshtakiwa na jaji bila kuwa upande wa yeyote. (Ndugu wenye kadi ya kijani, hii bado haiwahusu. Kujiandikisha kupiga kura kabla ya uraia kunaweza kumrudisha mtu alikotoka, hata kama aliyemwandikisha alimwambia haina shida.)

Kwanza elewa kwa nini wanafanana. Sisi tuliokulia Tanzania tumezoea jaji anayeteuliwa na Rais, na wenzetu wa Kenya wamezoea kuona Tume ya Utumishi wa Mahakama ikiwahoji waombaji hadharani. Texas mambo ni mengine: jaji wa jinai anagombea kwa tiketi ya chama, anachapisha mabango, anaomba michango, na baada ya miaka minne anarudi tena kwa mpiga kura. Hata hivyo, kanuni za maadili za majaji wa jimbo hili zinamkataza mgombea kuahidi namna atakavyoamua kesi za aina fulani. Mwaka 2002, katika shauri lililotoka Minnesota, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba mgombea hawezi kuzuiwa kutangaza mtazamo wake juu ya masuala ya sheria, lakini kutangaza mtazamo ni jambo moja na kuahidi hukumu ni jambo jingine, na mpaka kati ya hayo mawili ni mwembamba kiasi kwamba wengi huona afadhali wabaki na maneno yasiyoweza kumuudhi mtu. Ndiyo maana ukiwauliza, “Unaamini haki?” utapata jibu moja kutoka kwa kila meza.

Mimi huwauliza habari za utaratibu, nikianzia na dhamana. Hapo ndipo kaunti hii ilipobadilika kwa kura, ingawa wengi wa kwetu hawakutambua. Zamani mtu aliyekamatwa kwa kosa dogo alipelekwa mbele ya kamera ya video iliyomuunganisha na afisa wa mahakama, akasomewa kiwango cha dhamana kwa dakika moja au mbili, na asiyekuwa na fedha akabaki ndani. Mwaka 2016 kaunti ilishtakiwa na mama aliyekamatwa kwa kuendesha gari bila leseni halali, ambaye dhamana yake ilipangwa kuwa dola 2,500, na mwaka 2017 Jaji Lee Rosenthal wa mahakama ya shirikisho aliona kwamba utaratibu ule ulikuwa ukiwaweka watu mahabusu kwa sababu ya umaskini wao. Mwaka huohuo watafiti waliochambua mamia ya maelfu ya kesi ndogo za kaunti hii walichapisha matokeo yao: aliyebaki mahabusu alikuwa na uwezekano wa kukiri kosa uliozidi kwa asilimia 25 ule wa mwenzake wa hali kama yake aliyetoka, na uwezekano wa kuhukumiwa kifungo ulizidi kwa asilimia 43. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahabusu hahitaji kuelezwa sababu. Ukikiri leo, unatoka leo. Ukikataa, unangoja, na kazi inakwenda kwa mwingine.

Uchaguzi wa Novemba 2018 ulibadilisha karibu benchi lote la mahakama 16 za makosa madogo, na mwaka uliofuata majaji wapya walikubali makubaliano ya kumaliza kesi ile, hivi kwamba watu wengi wa makosa madogo walianza kutoka bila kulipa fedha. Mwaka 2021 Bunge la Texas lilipunguza uhuru wa majaji wa kuwaachilia bila fedha wanaoshtakiwa kwa makosa ya kutumia nguvu. Kwa hiyo mgombea anayeapa kwamba atafunga kila mtu, au atafungulia kila mtu, ama hajui sheria au anadhani wewe huijui.

Swali langu la pili ni la lugha, na hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa ni eneo langu. Nitabadilisha baadhi ya mambo ili mhusika asitambulike.

Kijana wa Kikongo, aliyepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na kufika hapa akiwa bado hajatimiza miaka ishirini, alishtakiwa kwa wizi wa simu ya dola mia nane hivi. Kwa sheria ya Texas, wizi wa kuanzia dola 750 ni kosa dogo la daraja la juu kabisa, ambalo kifungo chake kinaweza kufika mwaka mmoja. Wakili aliyepewa na mahakama, akiwa na mafaili kwapani, alimletea pendekezo linaloonekana zuri: akiri, jaji aahirishe kumtia hatiani, akae chini ya uangalizi kwa mwaka, na akimaliza masharti kesi ifutwe. Nilitafsiri neno kwa neno, na niliona usoni mwake kwamba alilosikia ni “kesi ifutwe” tu.

Tafsiri yangu ilikuwa sahihi kwa sheria ya jimbo. Kwa sheria ya uhamiaji, tangu mwaka 1996, mtu aliyekiri kosa na kuwekewa masharti na jaji anahesabiwa kuwa ametiwa hatiani, hata kama Texas inasema hakuhukumiwa. Na kosa la wizi la daraja lile, likitendwa ndani ya miaka mitano tangu mtu apokelewe nchini, linaweza kumfungulia mlango wa kuondolewa. Wakili analazimika kumweleza mteja wake jambo hili tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2010. Jaji naye analazimika na sheria ya jimbo kumwonya mtu wa kosa kubwa kabla ya kupokea kukiri kwake, na hata kwa kosa dogo anaweza kufanya hivyo. Mimi mkalimani nakatazwa kumshauri, na katika kazi yangu hakuna zito kuliko hilo.

Nimesikia onyo lile likisomwa na jaji mmoja kwa pumzi moja, kama tangazo la redioni lililobakiza sekunde tano, naye alikuwa ameshinda uchaguzi kwa vipeperushi vilivyojaa habari za kumrekebisha mkosaji. Siku ya kijana huyu jaji alikuwa mwingine, ambaye mabango yake barabarani yalitangaza ukali kwa wahalifu. Alimuuliza, “Umeelewa?” Kijana akajibu, “Ndiyo, papa,” kama alivyolelewa kumjibu mtu mzima. Jaji hakuridhika. Akasema, “Hebu nieleze wewe, kwa maneno yako.” Kijana akafikiri, kisha akasema, “Nasikia kama nikisema ndiyo, narudi nyumbani leo.” Niliitafsiri hivyo hivyo ilivyokuwa. Jaji alimgeukia wakili, akamuuliza kama wamezungumza habari za uhamiaji, na kabla jibu halijaisha akaahirisha kesi kwa wiki mbili. Tangu siku ile sisomi mabango.

Kwa hiyo ukumbini nauliza: “Mshtakiwa akijibu ndiyo kwa kila kitu, utajuaje kwamba ameelewa?” Hakuna kanuni inayomzuia kujibu, na anayejua kazi utamtambua mara moja, maana ataanza kutoa mifano.

Kuhusu kujirekebisha, wagombea wengi hukimbilia kutaja mahakama maalumu za walevi wa dawa za kulevya, za waliotumikia jeshi na za wenye maradhi ya akili. Ni jambo jema. Ya kwanza ya dawa za kulevya ilianzia Miami mwaka 1989 na wazo likaenea nchi nzima. Lakini watu wengi hawafiki huko. Wanaishia kwenye uangalizi wa kawaida, ambao watu wetu huuita kifungo cha nje, wenye ada ya kila mwezi, madarasa, kupimwa mkojo na simu ya kupiga kila asubuhi ili mtu ajue kama siku hiyo ni zamu yake. Namkumbuka mtu mzima aliyefanya kazi ya usiku ghalani, aliyekosa vipimo viwili kwa sababu sauti ya kwenye simu ilikuwa ya Kiingereza naye alikuwa akimngoja mwanawe atoke shule ampigie. Kwa jaji mmoja hiyo ni hati ya kukamatwa. Kwa mwingine ni swali kwa afisa wa uangalizi. Kumbuka kwamba aliyeahirishiwa hatia akivunja masharti, jaji anaweza kumpa adhabu yoyote ambayo sheria ingeruhusu tangu mwanzo, hata ile ya juu kabisa.

Swali langu hapa ni hili: “Mtu akivunja sharti kwa mara ya kwanza, kitu cha kwanza utakachotaka kujua ni kipi?” Mgombea mmoja alinijibu, “Kama ana usafiri.” Mwingine alijibu, “Kama kuna mtu aliyeumizwa naye ambaye anaishi karibu.” Niliyaheshimu majibu yote mawili. Nimewahi pia kumtafsiria mama aliyegongewa mtoto na dereva mlevi, na najua kwamba kwa utaratibu wa Texas maelezo yake ya mdomo husikilizwa baada ya adhabu kutangazwa, wakati hayawezi tena kubadilisha chochote. Jaji anayezungumza habari za marekebisho bila kumtaja mama yule ananitia wasiwasi sawa na yule anayezungumza habari za jela peke yake.

Jambo la mwisho ni rahisi. Mahakama ni za wazi, na wengi wanaogombea wako tayari kwenye kiti au ni mawakili wanaosimama humo kila wiki. Chukua asubuhi moja, zima simu, kaa benchi la nyuma, hesabu ni mara ngapi mshtakiwa anasema neno lolote zaidi ya “ndiyo”. Tangu mwaka 2020 Texas haina tena alama moja ya kukipigia chama kizima, kwa hiyo utalazimika kumchagua kila mmoja kwa jina lake. Mimi uchaguzi uliopita nilichanganya vyama, jambo ambalo mke wangu bado hajanisamehe, na kwenye nafasi tatu ambazo sikuwahi kumwona yeyote akifanya kazi, nikaacha wazi.