Binamu ni nani hasa?

Dada, pole. Umesema ulimtambulisha binti wa baba mdogo wa mumeo kuwa ni "binamu yake", shangazi yao akanuna, na sasa unauliza kosa liko wapi.

Kwa asili ya neno hukukosea hata kidogo. Binamu limetoka Kiarabu: bin ni mwana, na amm ni ndugu wa kiume wa baba, yule ambaye Pwani huitwa ami au amu. Kwa hiyo binamu wa asili ni mtoto wa baba mkubwa au baba mdogo!

Ila neno lilipoingia kwetu lilikuta nyumba ina mpangilio wake. Ndugu wa baba naye ni baba, na watoto wake ni kaka na dada zako, basi. Katika familia nyingi binamu akabaki kuwa mtoto wa mjomba au wa shangazi, yule mnayetaniana naye. Ndiyo maana shangazi alisikia kama unamtoa binti yao nje ya nyumba, na hilo linauma kweli.

Mpigie huyo binti leo, na neno la kwanza liwe "Wifi, hujambo?" Shangazi atasikia.