Mtoto wa wiki tano analia tukianza sala: roho yake inakataa?

Swali: Niko Kadutu, Bukavu. Mtoto wetu ana wiki tano. Kila jioni jamaa wakikusanyika kusali, anageuza kichwa, anapiga miayo, kisha analia karibu saa nzima. Mama mkwe anasema roho yake haipokei sala, tumpeleke kwenye chumba cha maombi akeshe huko. Nifanye nini?

Jibu: Mama, mtoto hajakataa sala. Amechoka. Kugeuza kichwa, miayo, kwikwi, kutandaza vidole: ndivyo mtoto mchanga anavyosema kwamba sauti, mwanga na mikono ya watu vimemzidi. Tena kilio cha jioni huongezeka tangu wiki ya pili, hufika kilele karibu na wiki ya sita na hupungua kufikia mwezi wa tatu au wa nne, hata kwenye nyumba wasikosali kabisa.

Anachopokea kwanza ni sauti yako. Aliisikia tumboni miezi ya mwisho, akazaliwa anaitambua. Basi sali naye kabla wengine hawajafika. Mnyonyeshe, umcheulishe, umvue abaki na nepi na kofia, maana jioni za Bukavu zina baridi. Mweke wima kifuani, ngozi kwa ngozi, kikwembe, yaani kitenge, mgongoni pake. Shavu liegemee kwako, pua ionekane, kidevu kiinuke kidogo. Kikibonyea kwenye kifua chake, njia ya hewa hujikunja. Imba wimbo mmoja, uleule kila siku, kwa sauti ya chini.

Akiwa macho na ametulia, mlaze mapajani uso kwa uso, sentimita 20 hadi 30, ndipo anapoona vizuri. Imba mstari, nyamaza, mngoje. Akikutazama, endelea. Akigeuka, acha, usimfuate kwa uso wala kupandisha sauti. Wengi huharibu hapo.

Mama mkwe naye mpe zamu yake, kwa utaratibu huohuo. Mtoto hushikamana na watu kadhaa, mradi wawe walewale.

Mkesha wenye bafle, yaani spika kubwa, hapana. Mafuta au maji ya maombi mdomoni, hapana pia: hadi miezi 6 ni maziwa yako tu.

Ila akikataa titi, akilegea, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika ilhali ametulia, au joto la kwapani likifika 38 au kushuka chini ya 35.5, nendeni kituo cha afya usiku huohuo. Sala mtasali njiani.