Ule mmea wa vijiti vya pingili: weka kwenye beseni, usipande ardhini

Dada umeuliza kama ule mmea wa vijiti vya kijani uliopewa na jirani yako hapo Ohio (havina majani, ni pingili tupu kama mianzi midogo) unaweza kuupanda kando ya fensi, na kama una kazi yoyote. Huo ni mkia wa farasi, kitaalamu Equisetum hyemale. Mi niko Ohio pia na ninao mwaka wa saba sasa.

Nakuomba sana usiupande ardhini. Mi nilifukia vipande vitatu tu nyuma ya nyumba pale maji yanapotuama, mwaka wa kwanza kimya nikajua umekufa, mwaka wa tatu ukatokea ng'ambo ya njia ya saruji, kwa jirani, maana mizizi yake inatambaa chini kwa chini na ukiipiga jembe kila kipande kinachobaki kinaota upya. Dawa za magugu hazikunisaidia kitu. Nilichimba wikiendi nne na bado kila springi nang'oa vijiti.

Chukua beseni kubwa lisilotobolewa, tia udongo wa mfinyanzi na mchanga kidogo, laza kipande cha mzizi chenye kifundo, fukia, halafu hakikisha maji hayakauki, hata yakisimama vidole viwili juu ya udongo sawa tu. Mbolea sijawahi kutia. Winta unabaki kijani kwenye theluji. Ukiona ncha zimeota kitu kama koni ndogo usingoje ua, hauna maua wala mbegu, pale unatoa vumbi tu la kuzaliana kama kangaga, ile mimea ya porini isiyotoa maua. Ni ukoo wa zamani mno, zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita ndugu zake walikuwa miti mikubwa ya kinamasi, na makaa ya mawe ya hapa Ohio yametokana na misitu ya zama hizo.

Sasa kazi yake, na hapa ndo naupendea. Babu yangu kule Tanga alikuwa anachonga miko na pawa, akimaliza anasugulia majani ya msasa, ule mti wenye majani yanayokwaruza, ndo maana hata karatasi ya dukani tunaiita msasa. Huu ndo msasa wa huku. Pitisha ukucha kwenye shina taratibu utasikia linakwaruza kama tupa ndogo, ile mistari imejaa silika, kitu kilekile cha mchanga. Mi nachagua mashina yaliyokomaa, nakata chini ya kifundo, nayaanika kivulini, nikitaka kutumia naloweka maji ya vuguvugu yalainike, napasua kwa urefu, nafungua yalale bapa, nagundisha kwenye kijiti, upande wa nje ukae juu. Napiga kufuata nyuzi za mti. Mwiko unatoka laini unang'aa kidogo, karatasi ya dukani hainipi ule mng'ao. Wajapani wanautumia hivyohivyo kwenye mbao mpaka leo, wanauita tokusa, na wapiga klarineti, ile kama zumari ya kizungu, wanachongea ule mwanzi wa mdomoni.

Masufuria pia, konzi moja ya mabichi ukiyakunja yanatoa masizi vizuri kabisa, ila zile nonstiki usiziguse utazichuna.

Kunywa chai yake hapana. Ile inayouzwa madukani inatokana na aina nyingine, na zinafanana, usijaribu kukisia. Kama jirani ana farasi usitupe mabaki karibu na nyasi zao, huu mmea una kitu kinachoharibu vitamini B1 na farasi wakila sana wanaugua hata kufa.

Na kama vipande ulivyopewa bado viko kwenye mfuko, vitie kwenye ndoo ya maji leo leo, mizizi ikishakauka havioti tena.