Karatasi inayosema SS imekuwa AS

Swali: Daktari, pole na majukumu. Mwanangu wa kiume ana miaka 6, ana sikoseli, majibu yake ni SS. Tangu Februari anatumia haidroksiurea na kwa kweli maumivu yamepungua. Sasa kuna mtaalamu wa tiba lishe kwenye kundi letu la WhatsApp ametuma majibu ya mtoto aliyemtibu: ya kwanza SS, ya pili AS, yaani mbebaji asiyeumwa. Anauza unga wa miezi mitatu kwa shilingi 450,000. Anasema kwanza niache haidroksiurea, kwamba ni dawa ya saratani na itamfanya mtoto awe tasa. Nimesimamisha wiki mbili sasa. Nasikia pia Marekani wamepata tiba ya jeni. Je, nimpe unga huu wakati tunaisubiri hiyo? Mama wa Geita.

Jibu: Mama, panga safari ya kliniki, kesho kama inawezekana. Mtoto apimwe picha kamili ya damu, ile mnayoandikiwa FBP, kisha arudi kwenye dawa kwa kipimo atakachoelekezwa na daktari wake. Laki nne na nusu usiitoe.

Sasa niziseme zile karatasi mbili, maana zinaletwa mezani kwangu tena na tena na kila mara kuna mtoto nyuma yake.

Hakuna unga, jani, mzizi wala juisi inayogeuza SS kuwa AS. Herufi hizo ni aina za himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu: A ya kawaida, S ya sikoseli. Hazisomi hali ya damu ya wiki hii. Ni urithi: S moja kutoka kwa baba, S moja kutoka kwa mama, na umo ndani ya uloto wa mifupa unaotengeneza damu mpya kila siku. Rozela na mchicha ni chakula kizuri, mpe mtoto ale, lakini haviwezi kuufikia urithi huo wakaubadili.

Kinachowachanganya wazazi ni kwamba karatasi ya pili mara nyingi si ya kughushi. Muhuri ni wa kweli na mashine ilisoma sawasawa. Baba mmoja aliniletea mbili za namna hiyo, ya Machi ikisema SS na ya tarehe 7 Juni ikisema AS, amezitia kwenye plastiki kama vyeti vya shule. Alikuwa na furaha ambayo sikutaka kuigusa. Nikaomba kadi ya kliniki. Ukurasa wa kati, kwa kalamu nyekundu: tarehe 19 Mei, himoglobini 3.8, ameongezewa damu. Haidroksiurea ilikuwa imeachishwa mwezi wa Machi huohuo, mtoto akaishiwa damu, hospitali ikampa ya mtu mwingine, na wiki tatu baadaye maabara ikapima mchanganyiko: S ya mtoto na A ya mchangiaji. Hapo ndipo AS ilipotoka. Chembe nyekundu za mtu mzima wa afya huishi siku 120 hivi, basi tukasubiri mpaka katikati ya Oktoba tukapima upya. A haikuwepo kabisa. Baba yule alikaa kimya, halafu akaniuliza kama damu ya Mei ndiyo iliyomwokoa mwanawe. Nikamwambia ndiyo.

Kwa hiyo ukionyeshwa karatasi ya namna hiyo, usiulize mtoto alikunywa nini. Uliza mara ya mwisho aliongezewa damu lini. Chini ya miezi minne, karatasi hiyo haithibitishi chochote. Na kuna wanaopita njia fupi zaidi, wanatumia kile kipimo rahisi cha kuangalia kama chembe nyekundu zinapinda kama mundu. Hicho hutoa jibu la kuwapo S tu, kwa mwenye AS na kwa mwenye SS sawa. Hakitofautishi.

Jambo jingine linalowanufaisha matapeli ni tabia ya ugonjwa wenyewe. Maumivu ya sikoseli huja na kuondoka, na mengi hutulia ndani ya siku kadhaa. Atakayempa mtoto kitu chochote siku ya tatu ataonekana ameponya siku ya sita.

Hilo la dawa ya saratani nalijibu kwa ukali kidogo, kwa sababu nimelisikia hata kwa watumishi wa afya. Haidroksiurea ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1869, na kweli ilitumika kwanza kwa saratani za damu. Kwa mwanao inafanya kazi nyingine. Mtoto akiwa tumboni huwa na himoglobini ya aina yake, F, ambayo hupungua miezi ya mwanzo baada ya kuzaliwa. Mwaka 1948, huko Brooklyn, New York, daktari wa watoto Janet Watson aliona kwamba chembe za vichanga wenye sikoseli hazipindi kwa urahisi kama za wakubwa, akahisi kwamba himoglobini hiyo ndiyo inayowakinga. Haidroksiurea huirudisha F kazini. Dawa ikiachwa, F hushuka tena ndani ya wiki chache, na ndiyo sababu sitaki wiki zako mbili ziwe nne.

Mwaka 1995 utafiti wa watu wazima 299 wa Marekani na Kanada ulionyesha maumivu yakipungua kwa karibu nusu. Wengi tuliuliza swali la haki: je, kwetu kwenye malaria? Dawa inayoshusha chembe nyeupe, zile za kinga, inaweza kumweka mtoto hatarini. Swali hilo lilijibiwa hapahapa Afrika. Kampala walichukua watoto 207, nusu wakapewa dawa na nusu kidonge kisicho na dawa, na malaria haikuongezeka. Kisha ukaja utafiti wa REACH, matokeo yakachapishwa 2019: watoto 606 wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale. Kwa kila watoto 100 kwa mwaka, matukio ya maumivu yalishuka kutoka 98 hadi 45, kuongezewa damu kutoka 43 hadi 14, malaria kutoka 47 hadi 23, na vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Huo haukuwa na kundi la kulinganisha, walilinganisha watoto haohao kabla na baada, na wanaoukosoa kwa hilo wana hoja. Lakini ukiuweka pamoja na ule wa Kampala, sioni kwa nini mtoto wa Geita anyimwe dawa hii.

Kuhusu utasa sitakuficha. Kwa wanaume dawa inaweza kupunguza mbegu, na mara nyingi hurejea wakiiacha. Sikoseli yenyewe nayo huharibu mbegu. Mwanao akifika umri wa kuoa atalizungumza na daktari wake, na mjamzito hashauriwi kuitumia. Saratani haijaonekana kuongezeka kwa wagonjwa waliofuatiliwa miaka mingi. Tunachokichunga ni kipimo cha dawa na FBP, kila mwezi mwanzoni, kisha kila baada ya miezi miwili au mitatu. Ukiruka vipimo, hapo ndipo hatari ilipo.

Tiba ya jeni ni ya kweli, na nimeifurahia kama kila anayehudumia watoto hawa. Mojawapo, Casgevy, iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba hiyohiyo, kwa wenye miaka 12 na kuendelea. Wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila maumivu makali. Inavyofanya kazi? Seli za uloto wa mgonjwa hutolewa, na maabara hukata ndani yake swichi inayoizima F. Ni himoglobini ileile ya kichanga, mama, ile ambayo kidonge cha mwanao kinaiamsha. Tofauti ni kwamba Marekani bei yake ni dola milioni 2.2, na kabla ya kurudishiwa seli zake mgonjwa hupewa busalfani, dawa kali ya kuusafisha uloto ambayo inaweza kweli kumwacha tasa. Kupandikiza uloto wa ndugu kumeanza Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa. Mwulize daktari wako kama mtoto ana ndugu wa baba na mama mmoja anayefaa. Lakini tiba hizi zote zinamtaka afike akiwa mzima, bila kiharusi, figo zikifanya kazi. Haidroksiurea ndiyo ya kumlinda njiani.

Nimwambie kila anayesoma, si mama huyu peke yake. Septemba 2024 Pfizer iliondoa sokoni dunia nzima dawa yake ya sikoseli, Oxbryta, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019. Ilikuwa inapandisha himoglobini vizuri kwenye karatasi, lakini takwimu zilizoendelea kukusanywa zilionyesha matukio ya maumivu na vifo vinavyotia shaka, ikaondolewa. Iliwezekana kwa sababu kuna watu waliokuwa wanahesabu. Muuza unga wa WhatsApp hana daftari la watoto waliokufa. Ana picha za waliopona, na mtoto akizidiwa anamtoa mzazi kwenye kundi.

Akipata homa, usisubiri kupambazuke, mpeleke hospitali usiku huohuo. Bandama yake haimlindi kama ya mtoto mwingine. Na tarehe yoyote atakayoongezewa damu iandikwe kwa kalamu nyekundu juu ya jalada la kadi, si ndani.

Wenzangu wa maabara nanyi, mzazi akileta mtoto kupimwa aina ya himoglobini, mwulizeni ameongezewa damu lini kabla ya kutoboa mshipa. Kama ni ndani ya miezi minne, mpeni tarehe ya kurudi.