Masahihisho ya Insha kwa Simu

SWALI: Mhariri, wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu hunitumia insha kwa WhatsApp. Nikizisahihisha, wananakili tu masahihisho yangu. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, ukimwandikia mwanafunzi sentensi upya, insha hugeuka kuwa yako. Afadhali aiandike katika Google Docs, programu ya kuandikia mtandaoni, ambako mabadiliko huhifadhiwa pamoja na saa yalipofanywa, nawe utaona aya aliyoihangaikia na ile iliyobandikwa nzima kwa mkupuo mmoja. Kisha muulize kwa maoni pembeni mwa insha, kwa mfano: “Huyu ‘yeye’ ni baba au mjomba?”, umwachie arekebishe mwenyewe. Kwa asiye na bando la kutosha, ujumbe wa sauti wa dakika moja unafaa, ingawa sauti ndefu kuliko insha yenyewe naiona ni adhabu.